Rangi ya Maji na Milima ya Katanga

Katika rangi ya maji, weupe ni karatasi yenyewe. Mchoraji anayetaka wingu, povu la maporomoko au mng'ao wa jua juu ya jabali huamua mapema ni wapi brashi haitafika, kisha anapazunguka mahali hapo kwa uangalifu hadi mwisho wa kazi. Akiteleza mara moja, mng'ao umekwisha. Rangi ya mafuta humvumilia mtu: kosa hukwanguliwa, hupakwa juu, huachwa mpaka kesho. Rangi ya maji hunywewa na karatasi papo hapo, na kila kosa hubaki pale likitazamwa na kila mtu.

Naanza na ugumu huu kwa sababu mtu anayeziona picha za Léon Dardenne kwa haraka atazipita. Rangi zake ni nyepesi, hazipigi kelele, na tumezoea picha zinazotuita kwa sauti. Lakini mimi nimezitazama kwa muda mrefu, katika vitabu na katika kazi za wasanii wa mji huu wa Lubumbashi waliozitumia upya, na kadiri ninavyozitazama ndivyo ninavyomheshimu yule aliyeketi na ubao magotini akijaribu kuiingiza Katanga katika karatasi moja.

Dardenne alikuwa Mbelgiji, aliyezaliwa mwaka 1865 na kufariki 1912. Kati ya 1898 na 1900 alikuwa mchoraji wa Msafara wa Kisayansi wa Katanga ulioongozwa na afisa wa jeshi Charles Lemaire. Msafara ulitumwa na Dola Huru ya Kongo, yaani mali ya Mfalme Leopold II, kupima mahali kwa kutumia nyota, kuchora ramani, kutafuta madini, na kukusanya mimea, samaki na vyombo vya watu. Ulipita Ziwa Tanganyika, ukafika Ziwa Mweru, ukafuata mgongo wa nchi unaogawa maji ya Kongo na ya Zambezi. Mpiga picha alikuwa François Michel. Lubumbashi haikuwapo bado; mji ulianzishwa mwaka 1910, pamoja na kuja kwa reli kutoka kusini. Komini yetu ya Kenya, pamoja na soko lake na vumbi lake, ilikuwa bado miombo na vichuguu.

Kwa nini msafara wenye kamera ulimhitaji mchoraji? Kamera za wakati ule zilitumia vioo vizito vilivyopakwa dawa, zikatoa picha nyeusi na nyeupe. Zilishika sura ya mtu na umbo la nyumba vizuri sana. Rangi ya udongo, ya maji na ya majani hazikuweza kuisema hata kidogo. Na kwa mlima wa mbali zilikuwa dhaifu: vioo vile viliupokea mwanga wa buluu kupita kiasi, kwa hiyo anga na ukungu wa mbali vilitoka vyeupe vitupu, na mlima ukayeyuka ndani yake. Jicho la mtu lilikuwa linaona kitu ambacho kioo hakikukiona. Hiyo ndiyo nafasi aliyopewa Dardenne.

Sasa tuone alikutana na nini. Mchoraji wa Ulaya wa karne ya 19 alifundishwa kwamba mlima una kilele. Alps zilikuwa zimewazoesha hivyo: pembe kali, theluji, kivuli cha buluu upande mmoja. Milima ya Katanga haiko hivyo. Kundelungu ni meza. Unasafiri siku nzima ukiiona upande mmoja wa upeo wa macho kama mstari ulionyooka, na mstari huo hauna mahali pa kumshika mtazamaji mkono. Juu kabisa, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kuna mbuga tambarare ya nyasi. Pembeni nchi inakatika ghafla, na mto Lofoi unaanguka kwa zaidi ya mita 300 moja kwa moja. Ukubwa wa Kundelungu umo katika urefu wa mstari wake na katika ule mkatiko wa ghafla. Mchoraji akiongeza kilele cha uongo, ameuharibu. Akiuchora kama ulivyo bila akili, amepata mstari wa penseli na anga tupu.

Njia ya kutoka ni kuijenga hewa. Mchoraji huanza na maji matupu: analowesha sehemu ya juu ya karatasi, anangoja ule mng'ao wa maji upungue kidogo, kisha anagusisha brashi yenye rangi hafifu sana. Rangi inatambaa yenyewe na kuisha bila ukingo. Hilo ni anga. Karatasi inapokaribia kukauka anaweka mlima wa mbali kabisa kwa rangi ile ile, nzito kidogo tu, na ukingo wake unakuwa laini kwa sababu unyevu haujaisha. Anangoja tena. Mlima wa pili unakuja mbele ya wa kwanza, ukiwa mzito zaidi na mkali zaidi ukingoni. Wa tatu vivyo hivyo. Kila tabaka linaacha la chini yake lionekane, maana rangi hii ni ya kupenya mwanga. Ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi ya mti wa jamii ya mgunga, na ukitiwa maji mengi hubaki kama kivuli juu ya karatasi. Ukubwa wa mlima unatokana na idadi ya tabaka za hewa zilizopo kati yako nao. Kwa mlima wa meza, usio na pembe za kuchezea, hii ni karibu silaha pekee.

Kinachonivutia katika kazi hii ni kungoja. Watu husifu mkono wa mchoraji, lakini katika rangi ya maji nusu ya ustadi ni kujua wakati wa kutogusa. Na kungoja huku kunategemea hali ya hewa ya nchi. Huko Brussels karatasi hukauka taratibu, mtu anaweza kunywa kahawa kati ya tabaka na tabaka. Hapa mwezi wa Agosti, hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Karatasi iliyoloweshwa inakauka ukiwa bado unachanganya rangi, na ukingo uliotaka uwe laini unakuwa mkali kama umekatwa kwa wembe. Mwezi wa Januari mambo yanageuka: mvua imelowesha hewa, karatasi haikauki, tabaka la pili linalichafua la kwanza na kuwa tope. Mtu aliyejifunza kazi hii Ulaya analazimika kujifunza upya saa ya maji yake. Hakuna mwalimu wa kumwambia. Anaambiwa na karatasi zinazoharibika.

Kisha kuna rangi zenyewe. Kanuni ya shuleni inasema kitu cha mbali huwa cha buluu. Katanga ya kiangazi inaikataa kanuni hiyo. Kuanzia Juni hadi Septemba nyasi zinachomwa, moshi unaning'inia juu ya bonde, na umbali unakuwa kijivu chenye manjano, jioni ukaingiwa na zambarau. Baada ya mvua za kwanza hewa inaoshwa, na hapo ndipo Kundelungu inakuwa buluu kwa siku kadhaa kana kwamba imesogezwa karibu. Tena miombo ina tabia ya kumchanganya mgeni: kabla mvua hazijaanza, majani yake mapya yanatoka mekundu, ya rangi ya shaba na divai, halafu ndiyo yanageuka kijani. Mtu aliyezoea kwamba wekundu wa majani ni dalili ya mti kujiandaa kulala anakuta huku ni dalili ya mti kuamka. Anayetaka kuchora pori letu la Septemba bila kudanganya lazima ayaamini macho yake kuliko kisanduku chake cha rangi.

Na vilima vya shaba. Huku kwetu mahali penye shaba nyingi ardhini miti haioti. Kilima kinasimama kikiwa na nyasi fupi na maua madogo yanayostahimili sumu ile, kimezungukwa na msitu pande zote kama upara kichwani. Wahenga wa nchi hii walivijua vilima hivyo na kuchimba ndani yake. Misalaba ya shaba ya Katanga ilisafiri mbali sana kibiashara kabla Mzungu yeyote hajafika. Kwa hiyo mandhari iliyochorwa kwa uaminifu hapa ilikuwa pia habari kwa mchimba madini. Sijui njia ya kuzitenganisha kazi hizo mbili, na nadhani haifai tujaribu.

Lakini kazi ya Dardenne inayonishangaza kuliko zote si mlima. Ni samaki. Samaki wa Ziwa Tanganyika wana rangi ambazo hazidumu. Samaki akitolewa majini, milia inafifia, buluu ya pezi inakuwa ya majivu, na akishatiwa ndani ya chupa ya dawa kwa safari ya kwenda Ulaya anakuwa wa kahawia kama wenzake wote. Mtaalamu anayefungua chupa huko London anapata mifupa na magamba, hapati rangi. Ilibidi mtu aketi ufukweni na samaki aliyevuliwa sasa hivi, na rangi zikiwa tayari zimechanganywa, amchore kabla hajafifia. Hapo hakuna kungoja tabaka likauke. Yule yule aliyejizoesha subira ya mlima anatakiwa awe na kasi ya mvuvi. Mwaka 1899 George Albert Boulenger, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la London, alieleza aina mpya kutoka Tanganyika zilizoletwa na msafara huu, na mmojawapo akampa jina la mchoraji. Leo anaitwa Limnotilapia dardennii, na bado anavuliwa na kuliwa pande zote za ziwa, Kalemie na Kigoma. Wachoraji wachache wa mandhari wamepata kumbukumbu hai namna hiyo, yenye mapezi.

Nikimfikiria Dardenne huwa namweka kando ya mtu mwingine, maarufu zaidi kuliko yeye: Albert Bierstadt. Huyu alizaliwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1830, akapelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo, akarudi Düsseldorf kujifunza uchoraji. Mwaka 1859 alifuatana na msafara wa serikali ulioongozwa na Frederick Lander kwenda Milima ya Rocky. Alichora vijipicha njiani, akapiga picha, akarudi New York na kuvigeuza kuwa turubai kubwa mno. Picha yake ya 1863 ya kilele alichokipa jina la Lander ina upana wa zaidi ya mita tatu, na mwaka 1865 iliuzwa kwa dola 25,000, fedha iliyowashangaza watu wa wakati ule. Ni kazi ya fundi, sikatai. Mwanga unaanguka kwenye maporomoko kama umeagizwa. Ila mlima ule umekuzwa chumbani, mbali na upepo wake, na mtu anauhisi. Karatasi ndogo iliyochorwa safarini haina nafasi ya kukuza. Wapagazi wanafunga mizigo, mawingu yanakuja, na kilichoshikwa ndicho kilichokuwapo. Kwa hilo namchagua Dardenne, hata kama jina lake halijulikani nje ya watu wachache.

Bierstadt, hata hivyo, aliweka mbele ya mlima wake kambi ya Washoshone, wenyeji wa nchi ile: mahema, farasi, watu wakiwa kazini. Na hapa mandhari ya Katanga inanipa uzito moyoni. Karatasi za mandhari za msafara wa Lemaire zinaonyesha nchi pana iliyotulia, kana kwamba inangoja mwenyewe. Nchi ile haikuwa ikingoja. Miaka saba tu kabla ya msafara kuondoka, tarehe 20 Desemba 1891, Mwami Msiri aliuawa kwa risasi huko Bunkeya na watu wa msafara mwingine uliotumwa na Leopold. Msiri naye alikuja kutoka mbali, kutoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo. Alifuata shaba na pembe, akajenga dola iliyoogopwa. Baada ya kifo chake watu wa Bunkeya walitawanyika, njaa ikaingia, vita havikukoma. Mchoraji aliyepita baadaye alikuta mabonde yenye nafasi. Nafasi ile ilikuwa na sababu, na rangi ya maji, pamoja na uwezo wake wote wa kusema hewa, haikuitaja.

Waliokuja kuitaja ni vijana wa mji huu. Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, na mwandishi Patrick Mudekereza, walialikwa na jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, ambako picha za Dardenne na za Michel zimehifadhiwa. Mwaka 2011 walitoa maonyesho waliyoyaita Congo Far West, na jina hilo linamrudisha msomaji moja kwa moja kwa akina Bierstadt na magharibi yao. Baloji alifanya jambo jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza. Alichukua watu waliopigwa picha na Michel, akawakata kutoka katika mahali walipokuwa wamesimamishwa ili kupimwa na kuandikwa, akawasimamisha mbele ya mandhari za Dardenne. Kalamata, chifu wa Waluba. Mwanamke wa Urua, ambaye jina lake hakuna aliyejali kuliandika.

Mtazame mwanamke huyo kwa utulivu. Yeye ni mweusi na mweupe, mwenye kingo kali za kioo cha picha. Nyuma yake nchi ni ya rangi, laini, imetengenezwa kwa maji. Viwili hivyo havishikani. Baloji angeweza, kwa kompyuta, kumpaka rangi kidogo na kulainisha kingo mpaka aonekane kama alikuwa pale. Hakufanya hivyo, na hapo ndipo naona ustadi wake. Mshono umeachwa wazi. Mtazamaji anaona kwamba mtu huyu aliondolewa mahali na sasa anarudishwa, na kwamba kurudi kwenyewe kumechukua miaka zaidi ya mia. Na jambo la ajabu: mandhari ya Dardenne haidhoofiki kwa kuwekewa mtu mbele. Inapata nguvu. Ule upana uliokuwa umekaa bure sasa una kazi; tabaka za hewa alizozijenga kwa subira zinampa yule mama nchi ya kusimama. Ni kama karatasi ile ilikuwa nusu ya picha tangu mwanzo.

Kati ya Dardenne na Baloji mji huu ulipata mgeni mwingine aliyechora nchi kwa namna yake. Bela alikuwa Msara kutoka Chad, aliyefika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, pamoja na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés. Mfaransa huyo alifungua mwaka 1946 karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar, ambamo walichora pia Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Bela hakutumia brashi. Alichovya ncha za vidole katika rangi na kugonga karatasi, pigo baada ya pigo, mpaka mti, mnyama na nyasi vikajaa uso wote wa picha. Hakuna umbali katika picha zake, hakuna mlima unaoyeyuka nyuma. Kila kitu kiko karibu kiasi cha kuguswa, na kweli kimeguswa. Ukizitazama baada ya Dardenne unaona njia mbili za mtu wa mbali kuijua nchi: mmoja alirudi nyuma ili aione yote, mwingine aliisogelea mpaka akaishika. Mimi nazipenda zote mbili, ingawa mkono wa Bela unanifikia moyoni haraka zaidi.

Wachoraji wa mitaani waliofuata, wale wa miaka ya 1970 waliouza picha za kutundika sebuleni, walichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga: Mamba Muntu yule nguva, Koloni ya Ubelgiji, simba, kijiji kilichotulia chini ya minazi. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alipita wote kwa kuichora historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya mia moja. Watu waliziita ukumbusho. Na mlima waliouona kila siku haukuwa Kundelungu. Ulikuwa lile rundo jeusi la mabaki ya shaba lililo kando ya bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, mlima uliojengwa kwa mikono ya watu walioletwa kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 rundo hilo linachimbwa upya kutafutwa kobalti, kwa hiyo umbo lake linabadilika. Anayetaka kulichora kama lilivyo leo afanye hima.

Karatasi za Dardenne ziko Tervuren, katika giza ambalo rangi ya maji inalihitaji, kwani mwanga mwingi huila. Jumba lile lilifunguliwa upya Desemba 2018 baada ya matengenezo makubwa, na mazungumzo kuhusu vitu vya Kongo vilivyomo yanaendelea. Wanaozungumza hutaja vinyago, viti vya wafalme, mabaki ya watu, na ni haki vitajwe kwanza. Mimi naongeza ombi dogo. Karatasi chache zije Lubumbashi, hata kwa miezi mitatu ya kiangazi hewa ikiwa kavu, zitundikwe katika Makumbusho ya Taifa hapa mjini kwa taa hafifu, na samaki wake awekwe kando ya milima. Kisha waalikwe mafundi wa komini za Kenya na Katuba wanaochora vibao vya saluni na kuta za maduka, watu wanaojua rangi inavyokauka Agosti. Wapewe kioo cha kukuzia na muda wa kutosha. Nina hamu ya kuwasikia wakibishana mbele ya anga moja ya Dardenne: maji yalikuwa kiasi gani, alingoja muda gani, na ni wapi katika zile nyasi za mbele mkono wake ulichoka.